Pesa za bati zimeishia kwenye miche, na miche imekufa

Shikamoo Shangazi,

Naomba unihifadhie jina. Nina miaka 31, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta katika kampuni moja ndogo inayotengeneza mifumo ya malipo. Mama yangu ni mkulima upande wa Mvumi. Nilipopata ajira aliwatangazia majirani kwamba mwanawe "anaandika kodi", na mpaka leo wapo wazee kijijini wanaonisalimia kwa tahadhari wakidhani nimetumwa na TRA.

Shangazi, sipati usingizi. Ilianza mwishoni mwa mwaka 2022, kipindi cha mgao wa umeme. Nilikuwa kwenye basi la Iringa, tukapita Mtera, nikachungulia dirishani. Maji yalikuwa yamerudi nyuma sana, na ile miti mikavu iliyozamishwa tangu bwawa linajazwa ilikuwa imesimama kwenye tope mpaka mizizi inaonekana. Abiria wenzangu walikuwa wananunua samaki. Mimi niliganda. Tangu siku hiyo kila usiku nasoma mambo ya tabianchi. Najua kwamba kabla ya viwanda hewa ukaa angani ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni, na sasa imepita 420. Najua kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu watu waanze kupima, ukavuka nyuzi 1.5 juu ya wastani wa zamani. Najua kwamba vituo vya data duniani mwaka huohuo vilikula karibu asilimia 1.5 ya umeme wote, na mkate wangu unatoka humohumo. Mke wangu akigeuka saa nane usiku ananikuta na mwanga wa simu usoni.

Nikaona nisikae tu. Kazini nikaanza kuzima seva za majaribio, yaani kompyuta tunazojaribia mifumo, kila jioni bila kumwambia mtu. Usiku mmoja wenzangu walikuwa wanamalizia kazi ya mteja, mfumo ukawafia mikononi, nikapewa barua ya onyo. Nikaacha nyama. Nikaacha bodaboda, natembea kwa miguu na jua hili. Nikatengeneza aplikesheni ya utabiri wa mvua kwa wakulima, miezi mitano ya kukesha, ina michoro ya rangi na asilimia za uwezekano wa mvua kwa kila kata. Imepakuliwa na watu 43, nusu yao wafanyakazi wenzangu. Nilipomwonyesha mama kwenye simu yangu aliitazama kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa hapa imeandika nipande lini?" Sikuwa na jibu. Yeye mwenyewe anatumia kiswaswadu.

Mwezi wa pili mwaka huu, mwishoni, nilinunua miche 800, mijohoro na milonge, nikakodi Fuso, nikalipa vijana wakachimba mashimo kwenye shamba la mama. Zilinitoka shilingi 2,150,000. Mama alisema, "Mwanangu, umechelewa." Nikamjibu kwamba kila siku ni siku ya kupanda mti. Kufikia mwezi wa nane ilikuwa imebaki 31. Mingine imekufa na jua, mingine mchwa, mingine mbuzi wa jirani.

Pesa hizo zilikuwa za bati za kuezekea nyumba yetu. Mke wangu hajui. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana mimba ya miezi sita, ya kwanza. Kila mwisho wa wiki ananiuliza tunakwenda lini dukani.

Sasa nafikiria kuacha kazi nirudi kijijini nikapande miti kwa moyo wangu wote, maana naona kompyuta hainisaidii chochote katika vita hii. Na kuna jambo naogopa hata kuliandika: nikimwangalia mke wangu amelala, najiuliza kama tumemtendea haki huyu mtoto tunayemleta. Nishauri, Shangazi. Nianzie wapi?

Asiyelala, Nkuhungu

(Barua ilikuwa ndefu zaidi, nimeipunguza.)

Marahaba mwanangu. Mbukwa.

Barua yako ilikuja na kurasa nne. Nimezihesabu. Hewa ukaa imepata kurasa mbili na nusu, mke wako amepata mistari michache pale chini, kama mtu anayetaja bei huku anaondoka. Utaanzia kwenye hiyo mistari.

Usimwambie kitandani, na usimtumie ujumbe ukiwa kazini. Subiri siku mmekaa, mmekula, hakuna mgeni. Kabla ya hapo andika kwenye karatasi: miche kiasi gani, Fuso kiasi gani, vibarua kiasi gani, akaunti imebaki na kiasi gani. Mwalimu huheshimu hesabu iliyoandikwa. Halafu sema sentensi moja: nilitumia pesa zetu bila kukuambia. Komea hapo. Usimwingizie barafu ya Kilimanjaro. Usimwambie ulifanya kwa ajili ya mtoto, maana mtoto hakukutuma.

Atakasirika, na hasira hiyo ni halali yake. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuchukua pesa zangu za cherehani akachangia ujenzi wa kanisa. Jambo jema kabisa, nani atalipinga? Kanisa limesimama mpaka leo, zuri, lina madirisha ya vioo. Kila nikiingia mle naona cherehani yangu. Kilichoniuma si pesa. Ni miezi minne aliyonisikiliza nikipanga meza itakaa wapi, naye anaitikia, "Ndiyo, pale dirishani patafaa." Mkeo anakuuliza mwende lini dukani, wewe unajibu nini? Ukimaliza kukiri pesa, kiri na hayo majibu.

Kisha mpe mpango. Vijana wa kazi yako hawakosi kibarua cha mwisho wa wiki: duka la pembejeo linataka daftari la mauzo kwenye kompyuta, shule binafsi inataka mfumo wa ada. Kila kinachoingia kiende kwenye bati mpaka zitimie 2,150,000, na akaunti aione yeye. Kuta zenu zitanyeshewa msimu huu. Hilo ni kweli, usilipambe.

Haya, tuje kwenye dunia.

Unalala na hatia isiyo saizi yako. Chukua hewa ukaa yote inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe yanayochomwa nchini mwetu, igawanye kwa vichwa vyetu: Mtanzania mmoja hafikishi nusu tani kwa mwaka. Mmarekani mmoja ana takribani tani 14. Kwa hiyo wewe kuacha nyama ya mnada wa Msalato na kutembea juani kutoka Nkuhungu hakuipunguzii dunia kitu kinachoonekana, kunakupunguza wewe. Kama umeiacha nyama kwa sababu huipendi, sawa. Kama ni adhabu, kula.

Sisemi kazi yako haina chake. Nilimpigia mtoto wa kaka yangu, naye anakaa mbele ya kompyuta kama wewe huko Iyumbu, nikamsomea habari ya seva. Alicheka kwanza, kisha akanipigia hesabu. Wiki ina saa 168. Seva ya majaribio inayotumika saa kumi kwa siku, siku tano, imefanya kazi saa 50. Saa 118 zilizobaki inanguruma bure, na kampuni inalipia. Akasema tena kwamba kampuni nyingi za hapa hukodi seva nje, nyingine Ulaya, nyingine Afrika Kusini ambako umeme mwingi bado unatoka kwenye makaa ya mawe, kwa hiyo mahali seva ilipo panaweza kuwa na uzito kuliko ufundi wote wa mwandishi wa programu. Kwa maneno mengine wazo lako lilikuwa sahihi, ila ulilifanya kama mwizi. Andika ukurasa mmoja, weka gharama kwa shilingi, pendekeza zizimwe saa ngapi na nani awe na ruhusa ya kuziwasha, mpelekee bosi wako. Akikubali, umeokoa umeme mwingi kuliko ule wa miezi yako yote ya kuzima kwa siri, na barua ya onyo itapata mwenzake kwenye faili.

Wala usiache kazi. Mama yako sasa ana mtoto wa kumtumia hela ya mbegu. Ukirudi atakuwa na mtoto wa kulisha. Nimemaliza.

Lakini ile aplikesheni imenikaa kichwani siku tatu, kwa sababu mama yako alikuuliza swali lenye thamani kuliko michoro yako yote, nawe umelitaja kwenye barua kama kichekesho. Nipande lini? Mwanangu, hilo ndilo swali la Ugogo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Uchache wake tumeuzoea, mababu walijenga matembe na kula uwele wakiujua. Kinachomaliza watu ni mpangilio. Inanyesha siku mbili nzuri, ardhi inanukia, kila mtu anakimbilia shambani, mbegu inaota vidole viwili, halafu linakuja jua la wiki tatu. Ukipita shambani unaona mistari ya majani ya njano yaliyojikunja kama sigara. Mwenye uwezo ananunua mbegu tena. Asiye nao anakodolea mbingu macho. Wewe ukamletea mtu huyo asilimia 60 ya uwezekano wa mvua. Asilimia hailiwi.

Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, nimekulia kwenye hadithi za karanga. Mwaka 1947 Waingereza walituletea matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakafyeka pori ili walime karanga za kuipatia Ulaya mafuta. Walikuwa wasomi, wana pesa na wana haraka. Ule udongo wetu mwekundu ukikauka unakuwa saruji, majembe yao yakavunjika. Mvua hawakuwa wameipima miaka ya kutosha. Mwaka 1951 serikali yao ikaufuta mradi, vyuma vikabaki vinaota kutu. Baba yangu alikuwa akisema Mgogo yeyote mwenye ng'ombe wawili angewaambia mapema, ila hakuna aliyemuuliza. Sikufananishi nao, mwanangu, wewe ni mtoto wa hapahapa. Ndiyo maana nashangaa ulikesha miezi mitano bila kwenda kumuuliza mama yako swali hata moja.

Basi nenda ukaulize. Chukua daftari, hiyo kompyuta iache nyumbani. Kaa na mama na wanawake wengine saba, wanane wa kijiji. Waulize walipanda lini mwaka jana, na mwaka juzi, na mwaka ule aliozaliwa fulani. Walirudia kupanda mara ngapi? Walipanda nini, mahindi au mtama? (Watakwambia mtama, halafu utaona mahindi. Tumependa ugali mweupe kuliko tunavyopenda kushiba, na mtama wenyewe una vita na kweleakwelea, kwa hiyo usiwahukumu haraka.) Mtoto wa kaka yangu ananiambia kuna takwimu za mvua za setilaiti ziitwazo CHIRPS, za bure, zinaanzia mwaka 1981, kila mraba wa kama kilomita tano kwa tano. Hebu weka miaka ya akina mama hao juu ya takwimu hizo uone zinakubaliana wapi na zinapingana wapi. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta, na kijiji kizima hakuna mwingine anayeweza kuifanya.

Kisha nunua kipimamvua kimoja cha plastiki, kiwekwe kwenye uwanja wa shule ya kijiji, mbali na paa na miti. Kila siku saa tatu asubuhi mtoto wa zamu anasoma na kuandika. Anayesoma anamtumia namba mtu mmoja, na mfumo wako unawatumia akina mama ujumbe mfupi wa kawaida, herufi 160, unaofika kwenye kiswaswadu: jana imenyesha milimita 14, wiki hii jumla 22, Mamlaka ya Hali ya Hewa inasema hivi. Hakuna rangi wala kupakua. Kama kuna asiyesoma, mjukuu atamsomea.

Hapo pana mtego. Usije ukamwambia mtu "panda kesho". Siku mvua ikikata, mbegu yake utamlipa wewe? Utabiri wa msimu uache kwa Mamlaka, ushauri wa mbegu uache kwa bwana shamba wa kata, na kabla hujatuma ujumbe wa kwanza nenda ukamwone, umnunulie soda, umwonyeshe daftari. Akijiona amerukwa ataua mradi wako kwa kukaa kimya tu. Wewe kazi yako ni kipimo: kilichonyesha, na siku ngapi zimepita bila kunyesha. Akina mama wenyewe wataamua. Wamekuwa wakiamua bila namba, sasa wataamua na namba.

Sasa miche. Mama alikwambia umechelewa, nawe ukamjibu kwa msemo wa kwenye fulana. Mche uliopandwa mwishoni mwa Februari unapata mvua ya wiki sita, saba, kisha unakabidhiwa kwa jua miezi saba. Mzizi wake una urefu wa kiganja. Unakwenda wapi? Ile 31 iliyosalia izungushie miiba, kila mmoja, na umwendee jirani mwenye mbuzi kwa heshima, maana mbuzi hawezi kuambiwa. Miche mingine usinunue.

Shamba la mama yako lina miti ambayo hujaiona. Kila mwaka kama mwezi huu wa kumi akisafisha shamba, anakata vijiti vya migunga vinavyochomoza ardhini, anavikusanya, anavichoma. Mwakani vinachomoza tena, anavikata tena. Hujawahi kujiuliza kwa nini havichoki? Ni kwa sababu chini pana kisiki cha mti uliokatwa zamani, labda kabla hujazaliwa, na mizizi yake ilishafika kule ambako maji yapo hata mwezi wa tisa. Kilichokosekana ni mtu wa kukiacha kikue.

Wataalamu wanaita kisiki hai. Ilianza kuvuma Niger miaka ya 1980, na hapa Dodoma shirika la LEAD Foundation limekuwa likiifundisha vijijini tangu 2018. Nimeifanya kwenye shamba la marehemu mama, nikueleze. Unakuta kisiki kimetoa machipukizi ishirini, kama nywele za mtu aliyeamka. Unachagua matatu, yasizidi matano, yaliyonyooka na manene. Yanayobaki unakata. Yale uliyochagua unayapogolea: matawi ya pembeni unayaondoa kutoka chini mpaka nusu ya urefu, panga liwe kali na likate kwenda juu, ukikata kwenda chini gamba linachanika na mti unapata kidonda. Kisha unafunga kitambaa cha rangi kwenye shina, ili kibarua ajue huu una mwenyewe. Mimi nilichana kanga iliyochakaa. Baada ya msimu mmoja ilinifika kifuani. Msimu wa tatu nilikaa kivulini mwake nikamenya karanga. Sikununua hata mche mmoja, sikumwagilia hata kopo. Mikono ilichomwa miiba wiki nzima, hilo nakuhakikishia.

Nilipomsimulia mtoto wa kaka yangu alisema, "Shangazi, hiyo ni kama mfumo wa zamani unaofanya kazi. Mjinga ndiye anayeufuta na kuanza upya." Sikumwelewa sana, lakini nilidhani wewe utamwelewa.

Na ukitaka kuona ardhi inavyojirudisha, siku moja panda basi la Kondoa. Kule mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo ya kumeza nyumba. Serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika zaidi. Vichaka na miti vilirudi vyenyewe. Wenye ng'ombe waliumia, wengine hawajasahau, kwa hiyo usiende kuwahubiria wafugaji wa Mvumi kwa mfano huo. Nenda tu ukaone.

Nimalizie na la nyumbani kwako: mnapika kwa nini? Hujasema, nami nahisi ni mkaa. Mwandishi wa programu anakesha kwa ajili ya umeme wa seva, huku jikoni gunia la miti ya Ugogo linageuka majivu na mke mjamzito anavuta moshi. Jiko la umeme la presha linaivisha maharage yaliyolowekwa bila kumaliza uniti moja ya LUKU, yaani shilingi mia tatu hamsini na ushee. Nami si malaika, wageni wakiwa wengi bado natoa jiko la mkaa nje. Lakini anza na bati kwanza. Usije ukaleta jiko jipya nyumbani kabla ya kuomba msamaha, litaonekana ni hongo.

Habari ya mtoto. Swali lako si la dhambi, usiogope kuliandika. Ila lilitakiwa kuulizwa miezi saba iliyopita, na mkiwa wawili. Bibi yangu, mama wa mama, alizaliwa katika Mtunya. Wazee wetu wanaijua. Wakati wa vita ya kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakata, na kati ya 1917 na 1920 Ugogo ikateketea kwa njaa. Watu waliacha nyumba zao wakatawanyika. Katika hayo mama mmoja akajifungua, na huyo mtoto ndiye aliyekuja kunifundisha mimi kupika mlenda. Sikwambii hivyo ili uone ya leo ni madogo. Joto hili si la Mtunya, Mtunya iliisha. Nakwambia kwa sababu bibi hakuwahi kuuliza kama alitendewa haki. Alichokuwa akisimulia ni nani aliyebaki naye. Mama yake alibaki. Mjomba mmoja alikwenda kutafuta chakula, akarudi na kibaba cha uwele.

Simu ilale sebuleni. Kama baada ya mwezi bado hulali, au chakula kinakushinda, nenda Mirembe ukaonane na daktari. Najua tulivyotaniana na jina hilo utotoni, wacha utani, ni hospitali ya afya ya akili na wewe ni mtu unayeumwa usingizi.

Leo ni wiki ya pili ya Oktoba. Mama yako kama ni mama wa Ugogo ninayemjua, ama ameshatia panga makali au anatia wiki hii. Mpigie sasa hivi, kabla hujamaliza hata kunisoma, umwambie asikate kitu mpaka ufike. Halafu zungumza na mkeo, na Jumamosi, kama atakubali kupanda gari, nenda naye. Yeye akae na mama kivulini, nyie wawili mna mengi ya kumsikia. Wewe beba kanga iliyochakaa na uhesabu visiki. Ukipata idadi niandikie, na safari hii ukurasa mmoja unatosha.

Shangazi